Nyumba ya Kiponda kwa Bei ya Khiyari

Al Qusais, Dubai
14 Oktoba 2024

Dada Kuruthum,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta umekaa dirishani unagombana na mtu, maana siku ukinyamaza nitajua unaumwa. Mimi mzima. Joto limepungua, sasa mtu anaweza kutoka mchana asikaangike. Muzamiru, yule Mganda ninayekaa naye chumba kimoja, anakusalimu na anauliza achari itakuja lini. Nimesikia Kawthar wako kajifungua mtoto wa kike. Mwambie mjomba anamtafutia bangili, na kama kachukua pua yako tutamwombea dua.

Nakuandikia kwa sababu simu huiwezi. Ukishika simu na sikio lako hilo bovu, Kiponda nzima inazijua habari zetu kabla sijakujibu. Hilwa anakuja huko na mizigo yake ya mabaibui, basi ndiye tarishi wetu.

Dada, nimekuwa mwenye nyumba! Nimeshika fleti mbili. Bado hazijasimama, lakini mkataba una jina langu. Huku ndivyo watu wanavyotajirika: unanunua nyumba ingali mchoro, unalipa kidogo kidogo, na kabla haijafika ghorofa ya juu unamuuzia mwingine kwa faida. Benki waliutazama mshahara wangu wa duka la vipuri wakacheka. Lakini nimepata mtu wa kunipa mtaji, mtu wetu wa nyumbani kabisa, anasali safu ya mbele.

Sasa nina ombi. Nataka kuikarabati nyumba yetu, dari lile si la kulala chini yake. Kabla Shaaban haijaisha uhamie kwa Kawthar, Fuoni, na uchukue vyombo vyako vyote. Usiniulize mengi, Dada. Safari hii nisikilize tu.

Mdogo wako anayekupenda,
Walid


Kiponda, Unguja
9 Novemba 2024

Mdogo wangu Walid,

Marahaba. Mimi mzima, magoti tu yananisumbua kwenye ngazi. Mtoto ana pua yangu, na ni pua nzuri, asiyeitaka akatafute ukoo mwingine. Achari nimempa Hilwa chupa mbili, moja ni ya Muzamiru na usimwibie.

Ati umenunua mchoro! Baba yetu kafanya biashara ya karafuu maisha yake yote, hakupata kununua hata kuku bila kumpapasa kwanza, na weye umenunua nyumba iliyoko kwenye karatasi. Haya, Mungu akujaalie. Lakini miye sihami. Nimezaliwa humu, jeneza la mama limetokea humu, mume wangu aliponiacha nilirudi humu, na weye nilikulea humu tangu hujui kutembea. Dari likianguka litanikuta.

Ila niambie hili. Juzi wamekuja wanaume wawili na kamba ya kupimia. Hawakubisha hodi. Natoka jikoni nawakuta ukumbi wa juu, mmoja kapanda na viatu vyake juu ya kitanda cha mama, anapima ukuta. Nikamwambia shuka. Akanijibu, "Bibi, hapa utatoka tu, wenyewe wameshalipa." Nikachukua mchi. La kwanza nilimpiga la bega, akaanguka chini. La pili la mdomo. Meno yake mawili nimeyafagia mwenyewe. Mwenzake akamsukuma Kawthar, aliyekuja kunitazama, ukutani na mtoto mkononi, mtoto kanusurika kwa rehema ya Mungu tu. Huyo nilimmwagia mafuta ya bajia yaliyokuwa jikoni yanachemka. Alikimbia mpaka Darajani analia kama mbuzi wa Idi, ngozi ya shingo inamning'inia.

Sijuti hata chembe. Na wakirudi watanikuta na mafuta mengine. Lakini hao "wenyewe" ni nani, Walid? Wamemlipa nani?

Dada yako,
Kuruthum


Al Qusais, Dubai
3 Desemba 2024

Dada,

Shikamoo. Usishangae mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto. Jeki iliteleza kazini, gari likaniangukia mkono wa kulia. Si kitu, naendelea vizuri. Muzamiru kaimaliza achari yake na yangu.

Habari ya mtoto nimeisoma mara tatu. Sasa nisikilize mpaka mwisho kabla hujanilaani.

Anayenipa mtaji ni Zahor. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa huko nyumbani, wakahamia Dubai kabla mimi sijazaliwa. Zahor hakopeshi. Ukitaja neno mkopo anakasirika, anasema yeye si mla riba. Yeye ananunua. Unamuuzia mali yako kwa bei ya khiyari, kama walivyofanya wazee wetu zamani: anakupa pesa, mali inakuwa yake, nawe una khiyari ya kuirudisha ukimlipa pesa zake kabla ya tarehe mliyopatana. Mpaka hapo unaendelea kukaa ndani yake kama mpangaji, unamlipa kodi. Tarehe ikipita hujalipa, khiyari imekufa na mali imekwenda. Niliona hii ndiyo halali, Dada. Niliona afadhali hivi kuliko kuchukua pesa za riba nikazijengea maisha.

Nilimuuzia nyumba ya Kiponda. Ule uwakala ulionipa wakati wa mirathi ya baba ndio niliotumia. Mwaka huu wote umekuwa mpangaji, nami ndiye ninayekulipia kodi. Khiyari inakufa mwisho wa Shaaban, na fleti zimekwama. Wajenzi wamesimama, hakuna anayetaka kuzinunua, na kodi yenyewe nimeshindwa kuilipa.

Toka, Dada, nakuomba. Wale uliowapiga wameshampigia Zahor simu. Toka kabla hawajarudi na wengine.

Walid


Kiponda, Unguja
29 Desemba 2024

Walid,

Mtoto mzima, Kawthar mzima. Mimi silali. Salamu nyingine zitangoja.

Uongo wako wa jeki umefika na Hilwa, na ukweli umefika naye vilevile. Nilimkalisha hapa nikafunga mlango kwa komeo, nikamwambia chai hupati wala hutoki mpaka uniambie mkono wa mdogo wangu una nini. Akalia. Akanieleza alikuja kukutazama, akamkuta Muzamiru anafungua bendeji ili akuoshe, akaona mwenyewe. Kwamba watu wa Zahor walikupeleka gereji moja huko Ras Al Khor, wakakutia mkono kwenye jiriwa, kile chuma cha kubania vyuma, wakawa wanaikaza taratibu huku wanakuuliza dada yako atatoka lini. Kwamba vidole vitatu vimesagika mpaka mifupa imetokeza. Na weye unanisimulia jeki!

Usiku kucha nimekutukana. Umeniuza nimo ndani, kama kuku kwenye tenga, kwa karatasi niliyoitia sahihi kwa mapenzi. Kodi! Nalipiwa kodi kulala kwenye kitanda cha mama yangu! Laiti ungekuwa karibu, wallahi mchi ule ungekula na weye. Alfajiri nikasali, nikakusamehe. Nina mdogo mmoja tu duniani, na nyumba ni mawe na chokaa.

Basi mwambie Zahor nitatoka. Nitatoka siku khiyari ikifa, si siku moja kabla yake, na watu wake wasikuguse tena. Na mwambie hili pia kwa maneno yangu hayahaya: akikuua, nyumba hii haipati nzima, na atakayemtuma kuja kuichukua hatarudi kwao kwa miguu yake.

Niandikie upesi. Nikikosa barua nitajua walichokufanya.

Kuruthum


Al Qusais, Dubai
2 Februari 2025

Dada yangu mpenzi,

Niko hai. Nimelitanguliza hilo mbele ya shikamoo kwa kuwa nakujua. Sasa shikamoo. Mbusu mtoto. Muzamiru anakusalimu, ndiye anayenipikia na kunisaidia kwenda chooni, na anatoka kazini kwake kwenye ulinzi bila kulala. Hilwa anasafiri kesho kutwa, barua hii ataichukua leo.

Ulitaka nisikufiche, basi sikufichi. Maneno yako nilimfikishia Zahor. Aliniita kwenye mgahawa wa hoteli moja Al Garhoud, akaniagizia chai ya maziwa, akanisikiliza mpaka mwisho huku anatabasamu. Akasema, "Dada yako kamtoa mtu wangu meno. Miye nimenunua nyumba, sikununua matusi." Jioni ile vijana wake wakanirudisha gereji. Safari hii hawakuwa na swali. Walinipiga mgongoni na mbavuni kwa mnyororo wa kunyanyulia injini. Nilipoanguka mmoja akanikalia kifuani, mwingine akanipiga goti kwa spana kubwa mpaka likavunjika. Nililisikia, Dada. Zahor alikuwa palepale, kakaa juu ya tairi anapangusa miwani. Akasema, "Yalla, na la pili, tumalize twende."

Aliyezuia ni Saif, mwanawe. Alikuja na gari kumchukua baba yake, akaingia, akaona, akajitupa juu yangu. Spana iliyokuwa inakuja kwenye goti langu ilimwangukia yeye mgongoni. Alimpigia baba yake kelele, sijapata kumsikia mtoto anamwambia mzazi maneno yale. Kisha akanibeba mwenyewe mpaka garini, kanzu yake nyeupe imelowa damu yangu.

Tangu siku ile anakuja kila jioni, na njia ameipata. Fleti moja imepata mnunuzi. Atalipa baada ya Idi, na pesa hizo zinatosha kuirudisha nyumba yetu. Kumbe Zahor aliinunua kwa jina la Saif, kwa hivyo Saif ndiye mwenye kauli. Kaniapia kwamba hata Shaaban ikipita, ataturudishia. Linalobaki ni kumtuliza mzee mpaka Idi ili mimi nisiuliwe. Saif kamwambia atakuja Unguja mwenyewe kuanza kuigeuza nyumba iwe ya kulaza watalii. Zahor kafurahi sana, kasema dada akiona ukuta unavunjwa atatoka mwenyewe, na kaamuru niachwe. Saif atavunja ukuta mmoja tu, atapiga picha amtumie baba yake, halafu kazi itakwama, mara saruji hakuna, mara mafundi wamegoma. Weye hutoki, Dada. Unabaki kwako.

Atafuatana na mtu wa baba yake, kwa hivyo hataweza kukueleza haya waziwazi. Ndiyo maana nimempa aivae pete ya baba, ile ya akiki. Najua haikuwa ikivuka kifundo cha kidole changu, lakini nimekonda, imetoka kwa sabuni kidogo. Ukiiona kidoleni mwake ujue ni mimi niliyemtuma kwako. Nyumba haijui, nimemwambia dada atakuonyesha ukuta usiobeba kitu. Muonyeshe ule wa matofali tuliouongeza jikoni.

Mpikie, Dada. Mgeni njoo mwenyeji apone, na huyu kweli kaja kutuponya. Mbele ya yule mwenzake jifanye umenuna, hilo najua hutashindwa.

Simu yangu wameichukua wao, msinipigie.

Mdogo wako,
Walid


Kiponda, Unguja
Ijumaa, 21 Februari 2025

Walid,

Kama uko hai. Na kama hupo, basi barua hii apewe Muzamiru, akusomee kaburini.

Tangu Desemba sina neno lako. Mwanzo nikasema Hilwa kachelewa. Halafu nikasikia kalazwa huko huko kwa homa, nikasema basi ni homa. Nikawa nakaa dirishani, kila anayepita na bahasha nakuona weye. Jumatatu wakaja wao.

Watu wawili kutoka Dubai na mafundi watatu wa hapa hapa. Kijana akatoa salamu, akasema ndiye Saif bin Zahor, akainama anibusu mkono. Hapo ndipo nilipoiona. Pete ya baba, kidoleni mwake! Walid, siku tuliyomzika baba uliivaa, kisha ukataka kuivua uihifadhi, tukajaribu kwa sabuni na mafuta ya nazi mpaka kidole kikavimba, ikakataa. Pete ile inatoka kwa kisu. Na kijana yule aliuleta mkono mbele yangu kabisa, akaugeuza nilione jiwe lake vizuri, akanitabasamia. Akatabasamu, Walid! Nikajua wamekuua, na wamemtuma mtoto aje anionyeshe.

Akawa ananinong'oneza jambo, huku anamtupia jicho mwenzake. Sikio langu hili unalijua, na lile zima sikumgeuzia. Nilikuwa nakusomea Fatiha.

Akasema kwa sauti, "Mama, nataka kuvunja ukuta mmoja tu. Nionyeshe usiobeba kitu." Nikamwambia, "Njoo mwanangu nikuonyeshe."

Kwanza niliwatengea mafundi chai na bajia kwenye baraza ya mbele. Wale wana watoto wao, hawanidai, na fundi yeyote angeujua ukuta ule kwa macho. Yule mwenzake akaenda kukaa nao. Nikampeleka Saif ndani, nikamsimamisha mbele ya ukuta wa kati, ule uliobeba boriti zote za ghorofani. Akaupapasa. Akanitazama, akaniuliza tena, "Una hakika, mama?" Nikamwambia, "Haubebi kitu." Akanishukuru. Akasema, "Kaa mbali, vumbi lisikuingie." Akavua kanzu, akachukua nyundo ya mafundi.

Mgongo wake una kovu bichi jeusi, sijui nani kampiga, na amlipe Mungu mema. Nikarudi nyuma mpaka mlangoni, nikasimama kwenye kizingiti nikatazama. Chokaa ya zamani haisumbui. Alipofika kwenye jiwe la katikati boriti zikalia juu, akainua uso, na ghorofa nzima ikashuka juu yake, na kitanda cha mama, na kabati la baba, na mawe yote ya ukuta wa nyuma.

Hakufa mara moja. Vumbi lilipotua niliuona mkono wake mmoja na nusu ya uso, jicho limetoka, kifua kimelaliwa na boriti. Akawa anaita, mama, mama. Nikakaa karibu yake. Mafundi walikuwa wanapiga kelele nje, kifusi kimeziba njia. Kisha akaanza kulitaja jina lako. Walid, Walid, mwambie Walid. Nikamwambia, "Litaje vizuri, ndilo lililokuua." Nikaichukua pete. Ilitoka kirahisi. Wakati wanafukua kutoka upande wa pili alikuwa ameshanyamaza, na mimi nimekaa hapohapo.

Polisi wamekuja, wameandika nyumba ni mbovu imemwangukia. Nusu ya mbele imesimama, nalala humo. Kawthar analia kutwa na hataki kunitazama. Mimi sijalia. Zahor si hakopeshi, Zahor ananunua? Basi kifusi ni chake alichokinunua, na maiti ni yake. Habari najua ilimfika siku ileile. Na alie kama ninavyolia miye moyoni.

Hilwa huyo kaingia! Kaja moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, kabaki mifupa kwa hiyo homa yake, na kashika bahasha. Ni mwandiko wako, wa mkono wa kushoto, na tarehe ya mwezi huu huu. Anasema alikuacha uko hai na unacheka. Uko hai! Alhamdulillahi, Walid, mdogo wangu! Sasa pete ile kijana aliipata wapi? Labda umenieleza humu. Mtoto wa Bi Ashwaq ndiye anayebeba barua hii, yuko mlangoni ananihimiza, ndege yake ya alasiri. Ngoja niifunge nimpe aende, kisha nikae niisome yako kwa raha zangu.

Dada yako,
Kuruthum